Kodi ya Maskati, Ushuru wa Mombasa

Katika daftari la babu yangu, lililoandikwa kwa khati za Kiarabu na hesabu zake kwa rupia, kila nyumba aliyoisimamia Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, ina majina mawili. La kwanza ni la anayekaa, na huyo yuko pale pale mtaani. La pili ni la mwenye nyumba, naye yuko Maskati, Mukalla, Unguja au Bombay. Kazi ya babu ilikuwa kuwahudumia wote wawili bila wao kuonana: apokee kodi, azibe paa, amlipe fundi, na kinachobaki kimfikie mwenyewe. Baba aliirithi kazi hiyo, kisha nami nikairithi kwake.

Mwenye nyumba aliye ng'ambo hatozeki kwa urahisi. Hakimu hamwoni, karani hamjui sura, na barua humfikia miezi imeshapita. Ndiyo sababu kila utawala uliotaka fungu katika kodi yake ulimwacha yeye ukamshika aliye karibu, ama mpangaji, ama mtu kama baba yangu.

Hapa Mombasa wenye nyumba wa mbali hawakuanza jana. Majahazi ya kaskazi yalileta watu waliofanya biashara, wakaoa, wakajenga, kisha wengine wakarudi kwao na nyumba zikabaki. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilipomtaka kila mwenye kudai ardhi ya pwani alete madai yake, na isiyodaiwa iwe ya serikali ya Mwingereza, ilikuwa lazima aliye mbali awe na mtu wa kumsemea. Baadaye wimbi likageuka. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, na zaidi baada ya Sultani Qaboos kushika utawala wa Oman mwaka 1970 na kuwaita watu wake warudi, familia nyingi za pwani zilihamia Maskati na Kiswahili chao. Nyumba haihami. Ikabaki na ufunguo, na ufunguo ukabaki kwetu.

Miaka ya sabini na themanini taabu ya baba haikuwa ushuru. Ilikuwa jinsi ya kuipeleka kodi. Kupeleka fedha ng'ambo kulihitaji kibali cha Benki Kuu, na sheria ile ya udhibiti wa fedha za kigeni haikufutwa hadi mwaka 1995. Kodi zikalala benki hapa hapa. Wenyewe wakaandika barua: mlipie binti wa dada yangu karo, mtengenezee mama kaburi, ongeza mikeka msikitini. Nimezihifadhi barua hizo. Ukizisoma unaona kwamba kodi ya nyumba moja ya ghorofa ilikuwa ikilisha ukoo mzima uliobaki nyuma.

Baba hakuchoka kusema kwamba sisi wa Mombasa tulinusurika. Dar es Salaam, Aprili 1971, serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi, ikayakabidhi kwa Msajili wa Majumba. Huko hapakuwa tena na suala la ushuru wa mwenye nyumba aliye mbali, kwa kuwa nyumba yenyewe haikuwa yake tena.

Ushuru wa mapato uliingia Kenya kwa kusitasita. Ulijaribiwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, walowezi wakaupinga ukafutwa, kisha ukarudi mwaka 1937 na haukuondoka tena. Sheria za ushuru za makoloni ya Mwingereza zilikuwa na kifungu ambacho mtu wa kazi yangu hawezi kukisoma bila kujiona ndani yake: asiyekaa nchini aweza kutozwa kwa jina la wakala wake. Wazo la kumtoza mwenye mali aliye mbali lina umri mkubwa. Bunge la Ireland lilijadili mwaka 1773 kuwatoza wenye mashamba waliokuwa nje zaidi ya nusu mwaka shilingi mbili katika kila pauni ya kodi zao, yaani asilimia 10. Wakubwa waliokuwa wakikaa London na kula kodi za Ireland walipiga kelele, Edmund Burke akawaandikia utetezi, na hoja ikaanguka. Miaka 30 baadaye Waziri Mkuu Addington alipata njia isiyohitaji kumtafuta mkubwa yeyote. Kwa sheria yake ya mwaka 1803, ushuru wa ardhi na nyumba ulidaiwa kwa aliyemo ndani, naye akaukata katika kodi kabla ya kumpa mwenyewe. Ni hesabu ile ile ninayoifanya leo mezani kwangu Mombasa.

Kwa miaka mingi sheria ya ushuru wa mapato ya Kenya ilipita juu ya Mji wa Kale bila kugusa ardhi. Kodi ilikuwa ndogo, ililipwa taslimu, na risiti zilikuwa vipande vya karatasi. Mambo yaligeuka Januari 2016, serikali ilipoanza kutoza ushuru wa kila mwezi kwenye kodi za nyumba, asilimia 10 ya pato lote kwa wenye nyumba wakaazi, ikatoa na msamaha kwa ushuru wa nyuma ili watu wajitokeze. Tangu Januari 2024 kiwango hicho ni asilimia 7.5. Lakini hiyo ni ya mkaazi. Asiye mkaazi hukatwa asilimia 30 ya kodi nzima, na hapo ndipo mwisho: hakuna kutoa gharama za ukarabati, wala bima, wala malipo ya ardhi kwa kaunti. Anayemlipa ndiye anayekata, na sasa anapewa siku tano tu za kazi kufikisha alichokata serikalini.

Ninasimamia nyumba moja Kibokoni iliyokuwa ikipangishwa shilingi 40,000 kwa mwezi. Nyumba jirani yake yenye kodi hiyo hiyo ni ya bwana anayekaa Nyali, hapa hapa Mombasa, naye hutoa shilingi 3,000. Mwenye hii yangu, mzee wa Maskati, alikatwa 12,000. Zote mbili zina dari za boriti za mikoko, kuta za matumbawe na chokaa, na roshani ya mbao ambayo watu wa hifadhi ya Mji wa Kale hawataki kuiona imebadilishwa kwa chuma. Boriti zinaliwa na mchwa, chokaa inanyonya maji ya masika. Pesa za kuzuia hayo hutoka katika kodi. Serikali ina haki ya ushuru wake, na nimebishana na wasiotaka kusikia hilo. Ila kukata asilimia 30 kabla ya fundi kulipwa ni kuibomoa nyumba polepole, na mitaa yetu inaonyesha.

Halafu kuna vyumba vilivyofungwa. Ni desturi ya zamani kwa mwenye nyumba anayehama kujiwekea chumba kimoja juu, kitanda, kasha la nguo, picha ya wazazi, akirudi kwa Idi au kwa maziko apate pa kulala. Sheria ya Kenya inamhesabu mkaazi mtu mwenye makao ya kudumu nchini aliyekuwepo hata siku moja katika mwaka huo. Asiye na makao hayo kwa kawaida anahitaji siku 183. Kwa hiyo kitanda kile na mhuri mmoja wa uwanja wa ndege vyaweza kuwa tofauti ya 12,000 na 3,000. Siku hizi nawaomba wote nakala za pasi zao kila Januari. Wengine huudhika. Bwana mmoja wa London aliniambia, "Ndugu yangu, baba yako hakuwahi kunihesabia siku." Ni kweli, na baba hakuwahi kudaiwa ushuru wa mtu mwingine. Bwana huyo hukatwa hapa, kisha hutangaza kodi hiyo hiyo Uingereza, na kilicholipwa Kenya hupunguzwa katika deni lake la huko. Mzee wa Maskati hakuwa na deni la kupunguziwa, kwa sababu Oman haikumtoza mtu ushuru wa mapato yake. Kilichokatwa Mombasa kilikuwa kimekwenda.

Mzee huyo alifariki, mkewe alikuwa ametangulia, na kadhi akagawa: mwana wa Maskati mafungu mawili, mwana wa London mafungu mawili, binti aliye Mombasa fungu moja. Kodi ni ile ile 40,000. Kila mwana ana 16,000, nakata 4,800 kwa kila mmoja, maana wote si wakaazi na chumba cha juu tulikifungua, kikapangishwa pamoja na nyumba. Binti ana 8,000, ambazo kwa mwaka hazifiki 288,000 ambako ushuru ule wa kila mwezi unaanzia, na hana pato jingine. Namjazia fomu yake tu. Kaka wa Maskati alipiga simu: "Ami, mbona dada hakatwi?" Nikamsomea hesabu mstari kwa mstari. Akanyamaza, kisha akauliza paa limefikia wapi. Nikamwambia boriti nne zimeshabadilishwa, dada yake ndiye aliyelipa.