Kihenge Kilienda Wapi?

Ukishuka Kamakis Jumapili alasiri, moshi wa nyama choma ndio hukupokea. Kando ya Eastern Bypass kuna vibanda vya mviringo vyenye paa la makuti, na watu husema ni vya kienyeji. Lakini makuti ni ya mnazi, na mnazi ni wa Pwani. Wakikuyu wa huku waliezeka kwa nyasi.

Boma la zamani lilikuwa na thingira ya mwanaume na nyumba ya kila mke. Karibu na nyumba hiyo palikuwa na ikũmbĩ, yaani kihenge: kapu kubwa la fito zilizosukwa, limeinuliwa ili unyevu na panya visifike, na juu paa la nyasi. Kila mke alikuwa na chake. Yeye ndiye aliyejua kimebaki nini, kipi cha kupika na kipi cha mbegu.

Jomo Kenyatta aliandika mwaka 1938 kwamba nyumba ilijengwa kwa siku moja. Wanaume walikata miti, wanawake wakaleta nyasi, na jioni moto ukawashwa ndani. Hapakuwa na fundi wa kulipwa. Leo tunakujengea, kesho utakuja kwetu.

Tumezoea kusema mabati ndiyo yaliyoua ufundi huu. Ni kweli, ila nusu tu. Wakati wa Hali ya Hatari, kati ya 1954 na 1955, serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu zaidi ya watu milioni moja, Kiambu ikiwemo, hadi vijiji 854 vilivyozungushiwa mitaro na kulindwa. Boma nyingi zilichomwa. Kijijini nyumba zilibanana kwa mistari, na chakula kikawa kitu cha kuchungwa na askari. Watu waliporudi, mashamba yalikuwa yamepimwa upya na kupewa hati. Penye nyasi za kuezekea pakapandwa kahawa.

Leo Ruiru ploti ni 50 kwa 100, kona nne, na unga ni pakiti ya kilo mbili kutoka dukani.

Nyanya yangu aliweka gunia la mahindi chumbani kwake, mlango umefungwa, ufunguo kiunoni. Sisi wajukuu tulidhani ni uchoyo. Hakuna aliyetuambia kwamba zamani angekuwa na kihenge chake.