Kehancha Ndani ya Jedwali

Ukiiuliza simu yako mji wa Kehancha, huko Kuria nchini Kenya, una watu wangapi, huenda ikakuletea 256,086. Namba hiyo imerandaranda mtandaoni miaka mingi, mara ikiwa na mwaka wake, mara bila. Anayeisoma akiwa mbali haoni tatizo. Aliyewahi kushuka matatu Kehancha atacheka, maana mji huu ungekuwa umeiacha Thika mbali sana, na Thika yenyewe katika sensa ya 2009 haikufika hata laki moja na nusu.

Ajabu ni kwamba namba yenyewe si ya kubuni. Sensa ya 2009 ilipata watu 174,253 Kuria Magharibi na 81,833 Kuria Mashariki. Jumlisha uone. Mipaka ya manispaa ya Kehancha ilikuwa imechorwa ikaikumbatia Kuria nzima, kuanzia maduka ya mjini hadi mashamba ya tumbaku na mahindi yaliyo mbali na lami. Aliyepanga jedwali aliufuata mpaka, kama ilivyo kazi yake. Waliokuja kunakili baadaye walichukua tarakimu wakaacha mpaka. Miaka kumi kabla yake mambo yalikuwa vilevile: 151,887 ya sensa ya 1999 ni wilaya nzima ya Kuria.

Kuria imezoea kuchorewa mistari. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mpaka wao uanzie pwani, uzunguke Kilimanjaro, kisha uende moja kwa moja hadi Ziwa Victoria kwenye digrii moja kusini mwa ikweta. Mstari huo ulipita katikati ya Wakuria. Leo upande wa Kenya kuna Isebania na upande wa Tanzania kuna Sirari, na ndugu huvuka kwenda arusi na matanga kama mtu anayevuka barabara.

Waingereza kwa muda mrefu hawakuhesabu watu, walihesabu vibanda. Kodi ya kibanda ilianza 1901, na mwenye wake watatu alilipia vibanda vitatu. Ofisini, idadi ya vibanda ilizidishwa kwa wastani wa watu wanaodhaniwa kulala katika kila kimoja, na zao la hesabu hiyo likaitwa idadi ya wenyeji. Sasa fikiria mwenye boma anayejua kwamba kila paa analoonyesha ni fedha zinazotoka mfukoni. Haihitaji elimu kubwa kujua kosa lilielekea upande gani. Agosti 1948 Waafrika wa Kenya, Uganda na Tanganyika walipohesabiwa kwa mara ya kwanza katika sensa kamili, Kenya ilionekana kuwa na watu milioni 5.4 kwa jumla, wengi kuliko serikali ilivyokuwa ikikadiria.

Sensa iliyofuata ilikuwa ya 1962, ikapata milioni 8.6, na kuanzia 1969 zimekuja kila baada ya miaka kumi bila kukosa. Nchi chache za bara hili zinaweza kusema hivyo. Ila anayetafuta watu wa Kehancha katika vitabu vya sensa hizo lazima ajue jina lao la mwaka husika. Mwaka 1979 wamo ndani ya South Nyanza, wilaya kubwa iliyojumuisha Homa Bay na Migori za leo. Wilaya ya Kuria ilimegwa 1993, kwa hiyo 1999 wanajitegemea. Katiba ya 2010 ikaleta kaunti 47, nao wakarudishwa chini ya Migori. Sensa ya 2019, ya kwanza kufanywa kwa tabiti badala ya karatasi, iliipa Migori watu 1,116,436. Kuria Magharibi walikuwa 208,513 na Kuria Mashariki 96,872, yaani zaidi kidogo ya robo ya kaunti.

Ng'ambo ya mpaka ni vigumu zaidi. Tanzania iliacha kuuliza kabila baada ya sensa ya 1967. Ilikuwa siasa ya kujenga taifa, na ina watetezi wengi, nikiwamo mimi siku nyingine. Matokeo yake ni kwamba kati ya watu 61,741,120 waliohesabiwa 2022, Wakuria wa Tarime wamo wote lakini hakuna jedwali linalowataja. Kenya huuliza, na 2019 ikaandika Wakuria 313,854 nchi nzima. Ukikuta ukurasa unaotaja jumla ya Wakuria wa nchi zote mbili hadi tarakimu ya mwisho, jua kuna mahali pamejazwa kwa makisio.

Hesabu za afya zina historia yake, na ndizo zilizonivuta kuandika.

Katika zahanati kuna daftari kubwa la mistari. Muuguzi akimaliza kumpima mama mjamzito humwandika: tarehe, namba, jina, kijiji, umri, mimba ya ngapi, kipimo cha damu. Mwisho wa mwezi hukaa na daftari na karatasi ya kujumlisha, akichora vijiti vinne na cha tano kukatiza, safu baada ya safu, mpaka jumla ipatikane. Zamani karatasi hizo zilipanda gari hadi wilayani, na nyingine hazikufika. Tangu 2011 jumla huingizwa katika mfumo wa mtandaoni uitwao DHIS2, uliozaliwa Afrika Kusini na kukuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kuutumia nchi nzima. Kasi imeongezeka ajabu. Vijiti bado ni vile vile.

Kasoro ya hesabu za aina hii ni kwamba zinamjua aliyekuja tu. Mwishoni mwa 2001 Shirika la Umoja wa Mataifa la Ukimwi lilikadiria kuwa asilimia 15 ya watu wazima wa Kenya wana virusi. Msingi mkubwa wa kadirio hilo ulikuwa damu ya wajawazito katika kliniki chache zilizoteuliwa, nyingi zikiwa mijini au karibu na barabara. Mwaka 2003 utafiti wa taifa wa idadi ya watu na afya ulipiga hodi katika kaya zilizochaguliwa kwa bahati nasibu na kuomba damu ya wanawake na wanaume. Jibu lilikuwa asilimia 6.7. Chini ya nusu, na hakuna aliyepona katikati. Walioishi Nyanza miaka ile, ambako jeneza lilipita karibu kila wiki, hawakujua wacheke au walie.

Utafiti wa kaya nao una ukomo wake. Ule wa 2018 uliokusudia kupima Ukimwi ulipata asilimia 4.9 nchini, 19.6 Homa Bay na 13.0 Migori. Hiyo 13.0 ndiyo hunukuliwa Kehancha kama kwamba ni ya Kehancha. Lakini Migori ina Wajaluo, ambao kwa mila hawakutahiri wanaume, na Wakuria, ambao hutahiri. Majaribio yaliyofanyika Kisumu na kwingineko yalionyesha mwaka 2006 kwamba tohara hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya mwanamume kuambukizwa, na kuanzia 2008 serikali ikaanza kampeni ya tohara huko Nyanza. Kuchanganya historia mbili kama hizo katika tarakimu moja hakumwelezi kitu daktari wa Kehancha, wala wa Muhuru upande wa Wajaluo.

Ukeketaji ni hivyo hivyo, kwa kinyume. Wanawake waliokeketwa nchini walishuka kutoka asilimia 32 mwaka 2003 hadi 15 mwaka 2022. Wakuria hukeketa, Wajaluo hawakeketi. Wastani wa kaunti humfanya msichana wa Kuria aonekane salama kuliko alivyo, kwa sababu tu jirani zake ni wengi. Na huwezi kumtenga kirahisi: utafiti wa 2022 ulichagua kaya 42,022 kwa kaunti 47, ambazo ukizigawa ni kama 900 kila kaunti. Robo ya 900 haitoshi kuisemea Kuria kwa uhakika.

Chanjo huleta vituko vya mpakani. Asilimia ya waliochanjwa ni watoto wa daftarini wakigawanywa kwa watoto wanaodhaniwa kuwapo, na hao wa kudhaniwa hutoka katika sensa ya zamani iliyosogezwa mbele kwa hesabu. Mama akivuka kutoka Sirari na mwanawe mgongoni, mtoto huongezeka juu, chini hakuna aliyemtarajia. Ndiyo maana wilaya za mipakani zinaweza kuchanja zaidi ya asilimia 100 bila mtu kusema uongo.

Tafiti za kaya kama zile za 2003 na 2022, kwa Kenya na makumi ya nchi nyingine, zilitegemea mpango uliofadhiliwa na Marekani tangu 1984. Februari 2025 mpango ukasimamishwa, na waliozoea kuchukua data huko wakajikuta mlangoni. Ripoti ya Kenya ya 2022 ingali inapatikana kwa Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, bila malipo. Ni faili zito kwa simu ya bando dogo. Ukilifungua, tafuta jedwali la kaunti, kaunti nambari 44. Kehancha imo humo, katika mstari mmoja na Rongo na Nyatike.