Mchicha Hausafiri: Bustani za Dar es Salaam na Haki ya Kulima Mjini

Nyanya zinazouzwa Dar es Salaam hutoka Iringa na Morogoro, kabichi Lushoto, viazi mviringo nyanda za juu kusini. Bidhaa hizo huvumilia lori. Mchicha hauvumilii. Ukishang'olewa alfajiri, adhuhuri majani yamelegea, na ukilala hadi kesho yake mnunuzi hupita bila hata kuuliza bei. Magari yenye majokofu ni machache, na gharama yake haibebeki na fungu la mboga linalouzwa kwa mamia ya shilingi. Ndiyo maana jiji lenye watu 5,383,728 kwa hesabu ya Sensa ya 2022 lina matuta kwenye mabonde, chini ya nyaya za umeme mkubwa, kando ya barabara na nyuma ya taasisi za umma.

Watafiti waliofanya kazi jijini miaka ya 1990 walikadiria kuwa takriban asilimia 90 ya mboga za majani zilizoliwa Dar es Salaam zililimwa humo humo, ama uani ama kwenye maeneo ya wazi. Makadirio hayo ni ya zamani, na jiji limepanuka mno tangu wakati huo. Sababu iliyoyazaa, hata hivyo, ingalipo: jani laini halisubiri.

Makala haya yanadai kwamba faida kuu ya kilimo hiki ni kasi. Mboga humfikia mlaji siku ileile, na fedha humrudia mkulima ndani ya mwezi uleule. Yanadai pia kwamba kasi hiyo imesimama juu ya ardhi ambayo mkulima anaweza kuondolewa wakati wowote, na juu ya maji ambayo mara nyingi si salama. Mamlaka za miji zikitaka faida idumu, zianzie hapo.

Wasomi hawajaafikiana kuhusu ukubwa wa faida yenyewe. Mwaka 2010 Alberto Zezza na Luca Tasciotti walichapisha uchambuzi wa takwimu za kaya kutoka nchi 15 zinazoendelea. Waliona kuwa mchango wa kilimo katika kipato cha mjini kwa jumla ni mdogo, ingawa katika baadhi ya nchi za Afrika una uzito zaidi, na kwamba kaya zinazolima huelekea kuwa na mlo wenye vyakula vya aina nyingi. Mwaka 2014 Bruce Frayne na wenzake, wakitumia takwimu za miji 11 ya kusini mwa Afrika, walitilia shaka imani kwamba kilimo cha mjini huwatoa maskini kwenye njaa. Onyo lao ni la haki. Mahindi, mchele na maharage ya Dar es Salaam hutoka mikoani, na hakuna tuta la Tabata litakalochukua nafasi ya mashamba ya Mbeya au Rukwa. Anayewaahidi wakazi wa jiji kwamba watajilisha wenyewe anawapotosha.

Lakini tafiti zote mbili humwangalia mwenye jembe. Huuliza kama kaya inayolima imeshiba kuliko isiyolima. Kwa Dar es Salaam swali hilo linaacha nje watu wengi zaidi, yaani wale wasio na hata futi moja ya ardhi ambao jioni hununua fungu la matembele gengeni wakale na ugali. Kwao, bustani ya jirani wasiyemjua ndiyo inayoweka bei ya mboga mahali ambapo mfuko unafika. Utafiti wa Afya wa Tanzania wa 2015–16 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Mboga za majani peke yake haziondoi tatizo hilo, kwa kuwa madini ya chuma yaliyomo humo hayafyonzwi kwa urahisi kama yale ya nyama au dagaa. Hata hivyo zina foleti na viini vya vitamini A, na mapishi ya pwani yanazitendea haki: tui la nazi au karanga zilizotwangwa hutoa mafuta yanayousaidia mwili kufyonza vitamini hiyo. Siku ambazo nyama haipo, na kwa kaya nyingi siku hizo ni nyingi kuliko za nyama, fungu la mboga ndilo linaloutofautisha mlo na wanga mtupu.

Inafaa kulitazama tuta lenyewe, maana hesabu ya kilimo hiki imo humo. Upana wake ni kama mita moja, ili mkulima aweze kuling'olea magugu pande zote bila kulikanyaga. Wakati wa masika huinuliwa ili maji yasituame. Kiangazi hushushwa na kuwekewa kingo ili maji yasikimbie. Samadi ya kuku huchanganywa na udongo kwanza, kisha mbegu za mchicha, ambazo ni ndogo mno kumwagwa kwa mkono zikaenea sawasawa, huchanganywa na mchanga mkavu na kunyunyizwa. Kuanzia hapo ni keni mbili, moja kila mkono, kutoka kisimani hadi tutani, asubuhi na jioni. Baada ya wiki tatu hadi nne mboga iko tayari. Matembele huenda kwa mwendo mwingine: hupandwa kwa marando, huchumwa na kuchipua tena kwa miezi, na huvumilia ukame kuliko mchicha. Mkulima mwenye busara huwa na vyote viwili.

Sasa tuchukue mkulima mwenye matuta 12 ya mchicha anayoyapanda kwa kupishana. Kila baada ya siku mbili au tatu tuta moja linakomaa. Hapati fedha nyingi kwa mkupuo, lakini hakai wiki nzima bila kuona fedha. Kwa mtu wa mjini anayelipa kodi ya chumba, nauli na daftari za watoto, mtiririko huo una thamani ambayo mkulima wa msimu, anayesubiri mavuno ya mara moja kwa mwaka, hawezi kuipata kwenye mahindi.

Mnunuzi wake mara nyingi ni mwanamke mchuuzi. Hanunui kwa kilo, hununua tuta. Hufika jioni, hulikagua, hupatana bei, kisha alfajiri hurudi kung'oa mwenyewe, kuosha, kufunga mafungu na kwenda sokoni Buguruni au kuyatembeza mitaani kichwani. Hatari ya wadudu, ya mvua na ya kukosa wateja hugawanyika kati ya watu wawili wenye mitaji midogo. Nyuma yao wapo wengine. Mfugaji wa kuku wa nyama hupata pa kupeleka maranda yaliyojaa kinyesi, ambayo bila bustani yangekuwa kero kwa majirani. Kijana mwenye baiskeli hulipwa kubeba viroba vya samadi. Muuza genge hupata bidhaa inayowarudisha wateja kila siku. Ukiiondoa bustani moja, hasara haiishii kwa aliyekuwa akilima.

Kilimo hiki hakikuzuka kwa ujinga wa wahamiaji kutoka vijijini, kama baadhi ya wapangaji miji walivyozoea kudhani. Serikali yenyewe ilikihimiza. Baada ya ukame wa miaka ya 1973 na 1974 ilikuja kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, na watumishi wa mijini wakatakiwa kulima. Mwaka 1983 sheria ya Nguvu Kazi iliwasukuma wasio na ajira rasmi waende kuzalisha. Katika miaka hiyohiyo mshahara ulipoteza thamani hadi haukumfikisha mtumishi katikati ya mwezi, na walimu, madaktari na maofisa wa serikali wakafuga ng'ombe na kuku uani. Camillus Sawio, katika tasnifu yake ya 1993 kuhusu Dar es Salaam, alionyesha kuwa wakulima wa mjini walitoka katika matabaka mbalimbali, wenye elimu na vyeo wakiwemo. Kwa hiyo jiji liliwahi kulishwa kwa sehemu na watu walewale walioliendesha. Hilo halikumbukwi vya kutosha kila matuta yanapoitwa uchafu.

Hoja nzito dhidi ya bustani za mjini ni maji. Mto Msimbazi huanzia milima ya Pugu na kuingia baharini karibu na daraja la Selander, na njiani hupokea majitaka ya viwanda, ya machinjio na ya makazi yasiyo na mfumo wa maji machafu. Mwaka 1999 wanakemia T. E. Bahemuka na E. B. Mubofu walichapisha matokeo ya vipimo vya mboga zilizolimwa kandokando ya mito Sinza na Msimbazi, na walikuta madini mazito, ikiwemo risasi, kwa viwango vya kutia wasiwasi. Vipimo hivyo vilifanyika wakati magari bado yalitumia petroli yenye risasi, ambayo nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzoni mwa 2006. Chanzo kimoja kimepungua. Viwanda na majitaka havikupungua kwa kiasi hicho, na mlaji hana namna ya kuyaona madini kwenye jani la kijani lililooshwa.

Tatizo hilo lisifichwe wala kudogoshwa na anayetetea wakulima. Swali ni la nani kulirekebisha. Mkulima hakumwaga risasi mtoni. Kumfukuza huku bomba la majitaka likiendelea kutiririka kunamwadhibu mtu ambaye uchafuzi umemkuta, na mto unabaki ulivyo. Vimelea vya magonjwa, ambavyo majitaka hubeba pia, vina dawa rahisi zaidi kuliko madini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2006 kuhusu matumizi ya majitaka katika kilimo uliachana na kutegemea kipimo kimoja cha usafi wa maji, ukaelekeza vizuizi kadhaa kuanzia shambani hadi jikoni. Majaribio yaliyofanyika Ghana yalionyesha jinsi hilo linavyowezekana kwa mkulima mdogo: kuyaacha maji yatulie kwenye dimbwi kabla ya kuyachota, kumwagilia kwa keni iliyoshushwa karibu na udongo ili tope lisirukie majani, kusitisha umwagiliaji siku chache kabla ya kuvuna, na kuosha mboga kwa maji safi. Hatua ya mwisho ndiyo inayokwama Dar es Salaam, maana mchuuzi huosha mboga kisimani palepale. Bomba moja la maji safi kwenye bustani kubwa lingezuia magonjwa ya tumbo ambayo hospitali inayatibu kwa gharama zaidi. Kwa madini mazito hakuna njia ya mkato: udongo upimwe, na palipochafuka pasilimwe mboga za majani.

Hapo ardhi inarudi kuwa kiini cha hoja. Nani atachimba dimbwi la kutulizia maji kwenye eneo analoweza kuondolewa Jumatatu? Wakulima wengi wa maeneo ya wazi hulima kwa makubaliano ya mdomo. Taasisi au mwenye kiwanja humruhusu mtu alime ili pasivamiwe na wajenzi, na mkulima anakuwa mlinzi asiyelipwa hadi siku mwenyewe atakapokuwa tayari kujenga. Pande zote mbili hunufaika kwa muda. Lakini mtu aliye katika hali hiyo hununua dawa ya wadudu inayoua leo, hapandi mpapai wala mlimao, na hatumii mboji itakayoutajirisha udongo baada ya miaka miwili.

Kanuni zipo. Kanuni za Kilimo Mijini za mwaka 1992 zilitambua kilimo katika maeneo ya mipango miji, zikaweka ukomo wa ekari tatu kwa mtu na kuitaka mifugo ifugiwe zizini. Kampala ilitunga sheria zake ndogo za kilimo cha mjini mwaka 2006, na Kaunti ya Nairobi ikapitisha sheria ya kukikuza na kukisimamia mwaka 2015. Kibali cha kulima, hata hivyo, hakimpi mkulima muda wowote wa uhakika kwenye ardhi anayolima. Ukosefu wa ardhi ndio uliowafanya wakazi wa Kibera, Nairobi, waendeleze bustani za magunia: gunia hujazwa udongo, katikati huwekwa nguzo ya mawe ya kupitishia maji, na ubavuni hutobolewa matundu ya kupandia miche ya sukuma wiki na spinachi. Utafiti wa Courtney Gallaher na wenzake uliochapishwa 2013 ulihusisha magunia hayo na uhakika zaidi wa chakula na ujirani ulioimarika, kwa kuwa majani hugawiwa na kuuziwa walio karibu. Ni ubunifu wa kuheshimiwa. Lakini haifai uwe kisingizio cha mamlaka kuwanyima watu ardhi palipo na ardhi.

Dar es Salaam ardhi hiyo ipo. Chini ya nyaya za msongo mkubwa sheria hairuhusu kujenga, na mimea mifupi haina madhara hapo. Mabonde ya mafuriko hayafai kwa nyumba, jambo ambalo mafuriko ya Desemba 2011 yaliwafundisha wakazi wa Jangwani kwa vifo na kuhamishiwa Mabwepande. Nyumba ikisombwa, familia hurudi nyuma miaka mingi. Tuta likisombwa, mchicha mwingine huvunwa wiki nne baada ya maji kupungua. Wanaosema ardhi ya mjini ni ghali mno kwa mboga wana haki kuhusu Kariakoo na Posta. Kuhusu maeneo haya, ambayo thamani yake kwa majengo ni sifuri kwa mujibu wa sheria na maumbile, hoja yao haina pa kusimama.

Nafasi ya kuwapa wakulima ardhi ya aina hiyo imeshafunguka. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa Bonde la Msimbazi, unaolenga kupunguza mafuriko, kuwahamisha walio hatarini na kuligeuza bonde la chini kuwa bustani ya jiji. Ndani ya mpango kama huo, sehemu za udongo uliopimwa na kukutwa salama zinaweza kutengwa kwa matuta, zikapewa vikundi vya wakulima kwa vibali vya maandishi vya miaka mitano vinavyoweza kuhuishwa, zikiwa na kisima kirefu cha pamoja, bomba la kuoshea mboga na notisi ya msimu mmoja kabla ya ardhi kuchukuliwa kwa shughuli nyingine. Kamati ya kikundi ingewajibika kwa matumizi ya dawa na samadi, na manispaa ingepima maji na majani kila mwaka kisha kubandika majibu sokoni, ambako anayenunua fungu la mchicha anaweza kuyasoma.