Mawe Yasemayo ya Nchi za Kaskazini

Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba habari za watu huanza siku walipojua kuandika, na kwamba taifa lisilo na vitabu halina historia. Jioni hii twataka kuwachukua hata nchi za kaskazini ya Ulaya, ziitwazo Skandinavia, mpate kuona kwamba sivyo. Huko walikuwako watu ambao hawakuacha hata herufi moja, na hata hivyo habari zao zasomwa mpaka leo juu ya mawe.

Safari yetu yaanzia Tanum, katika jimbo la Bohuslän, magharibi ya Uswidi. Zamani sana nchi hiyo ilifunikwa na barafu nene mno. Barafu ile ilipojikokota ilisugua miamba ya itale hata ikawa laini kama ubao uliopigwa randa. Na ilipoyeyuka, ubao ule ukabaki wazi ukingoja mwandishi. Basi kati ya mwaka 1700 na mwaka 500 kabla ya kuzaliwa Kristo, watu wa huko waligonga mwamba kwa mawe, pigo baada ya pigo, mpaka picha ikaingia ndani.

Mwamba mmoja, uitwao Vitlycke, una urefu wa mita 22 hivi, na juu yake zimo picha karibu 300. Tulipousimamia tuliona mashoka, wanyama, nyayo za miguu, na mwanamume na mwanamke waliokumbatiana, ambao watu wa leo huwaita bwana na bibi harusi. Mahali pengine, Aspeberget, yuko mtu alimaye kwa ng'ombe. Na huko Litsleby yuko mtu mwenye mkuki, kimo chake kupita mita mbili. Lakini picha zilizo nyingi kuliko zote ni za merikebu. Omo na tezi zimepinda kwenda juu, na katikati vimepangwa vistari vifupi vifupi, ndio mabaharia.

Msikilizaji atauliza, Mbona merikebu zachorwa kwenye mashamba, na bahari iko mbali? Tazama godoro: mtu akililalia hubonyea, na akiondoka huinuka polepole. Ndivyo ilivyokuwa nchi hiyo. Uzito wa barafu uliibonyeza, na barafu ilipokwisha nchi ikaanza kuinuka. Siku zile za wachoraji maji yalifika juu kuliko sasa kwa kadiri ya mita 15, na miamba mingi ilikuwa karibu na pwani. Tena watu hao walitumia vyombo vya shaba iliyochanganywa na bati, na shaba yao nyingi ililetwa kutoka nchi za mbali. Walikuwa na kaharabu ya kubadilishana, ule utomvu wa miti ya kale uliogeuka kama jiwe. Bila chombo cha baharini hakuna biashara, na bila biashara hakuna shoka. Si ajabu, basi, kwamba mkono wa mchoraji ulirudi mara kwa mara kwenye merikebu.

Kutoka hapo twende mbali zaidi, hata Alta, kaskazini ya Norwei, mahali ambapo jua la kiangazi halituwi usiku wala mchana. Huko picha za kwanza zina umri wa miaka 7,000 hivi. Waliozichora hawakuwa wakulima bali wawindaji: wamechora dubu, na kulungu wa nchi za baridi wakifukuzwa kuingia katika ua. Na kwa kuwa nchi ilizidi kuinuka kutoka majini, picha zilizo juu ndizo za kale, na zilizo chini ni za baadaye. Mlima wenyewe umekuwa kalenda.

Kisha turudi kusini ya Uswidi, katika jimbo la Skåne. Karibu na kijiji cha Kåseberga, juu ya jabali lielekealo bahari, yamesimamishwa mawe makubwa 59, yamepangwa kwa umbo la merikebu yenye urefu wa mita 67. Yasemekana yana umri wa miaka 1,400 hivi. Wako wasemao ni ukumbusho wa wafu, na wako wasemao ni ya kupimia mwendo wa jua. Neno la mwisho halijapatikana. Katika jimbo hilohilo, huko Kivik, wakulima wawili waliokuwa wakichukua mawe ya kujengea katika mwaka 1748 walifunua kaburi kubwa la kale, na ndani yake mabamba ya mawe yenye picha. Laiti wangaliendelea kuchukua, kaburi lote lingalikwisha kuwa kuta za nyumba.

Na hapa ndipo penye jambo la kufikiriwa. Picha za Tanum zimevumilia theluji na jua kwa miaka elfu tatu, lakini siku hizi mwamba waliwa upesi zaidi. Moshi wa viwanda na magari huingia katika mvua, na mvua hiyo hula jiwe. Nazo nyayo za wageni huongeza madhara. Watunzaji nao walikuwa na desturi ya kutia picha rangi nyekundu, ili wageni wazione. Ni wema, lakini wema wenye hatari. Kwani apakaye rangi ndiye aamuaye wapi mstari waanza na wapi waisha. Akikosea, mgeni huona kosa lake na kudhani ni kazi ya wazee wa kale. Kwa hiyo huko Alta wameacha kupaka rangi, wakaanza kuiondoa. Na Tanum, ambayo tangu mwaka 1994 imehesabiwa katika urithi wa dunia, baadhi ya picha zimeachwa bila rangi; mtu akizitaka huenda usiku na taa, akaimulika kutoka upande, na kivuli huzionyesha.

Sisi tuliona njia hiyo ya taa kuwa bora. Mwenye kupaka hutupa jibu lake. Mwenye kumulika hutuachia jiwe lenyewe na macho yetu. Katika mwaka 1627 mwalimu mmoja, Peder Alfsøn, alizinakili picha za miamba ya Bohuslän, na karatasi zake zasaidia wataalamu hata leo. Hakuongeza kitu juu ya mwamba, wala hakupunguza. Basi, msikilizaji, ukijaliwa kufika mbele ya kazi ya watu wa kale, popote pale, tazama sana, andika uonayo, na mkono wako uweke nyuma ya mgongo.