Simama Kulia

Ndugu yeyote akinifikia London kutoka Tanga, kabla hatujashuka kwenda kwenye treni ya chini ya ardhi namwambia mambo matatu: kwenye ngazi za umeme simama kulia, mlango ukifunguka wapishe wanaoshuka, na begi la mgongoni livue ulishike mkononi. Hilo la kwanza huwatatiza. Wanajua Waingereza huendesha kushoto kama sisi na gari lenye haraka hupita kulia. Sasa iweje huku chini mwenye haraka apite kushoto?

Kwa miaka mingi nilifanya kazi ya usiku humo chini, usafi wa reli, na maswali ya namna hiyo nilikuwa nayauliza. Jibu ni mtambo. Ngazi za kwanza za umeme za reli hii zilifunguliwa stesheni ya Earl's Court Oktoba 1911, na hazikuishia kama za leo, zinazozama sawasawa chini ya meno ya chuma. Ziliishia mshazari, abiria akatolewa kwa ubavu, na upande wa kulia ulikwisha mapema kuliko wa kushoto. Anayesimama akawekwa kulia; anayetembea akaachiwa kushoto, ambako ngazi zilimbeba kidogo zaidi. Mtambo ule uliondolewa zamani, amri yake ikabaki. Watu husema Mwingereza huzaliwa na adabu ya foleni. Mimi sikubali. Adabu za huku chini watu walifundishwa, nyingine kwa mabango, nyingine kwa msiba.

Reli yenyewe ilianza Januari 1863, kutoka Paddington hadi Farringdon, kwa gari moshi lenye madaraja matatu. Tajiri hakukaa na kibarua. Njia ya umeme ya City and South London ilipofunguliwa mwaka 1890, daraja likawa moja na nauli moja, peni mbili. Madirisha yakafanywa vijitundu vya juu tu, kwa hoja kwamba ndani ya shimo hakuna cha kutazama. Basi karani na bwana wake wakajikuta magoti kwa magoti, hawana pa kupeleka macho. Ule ukimya unaowaudhi wageni wangu, waliozoea soga za daladala, nadhani ulilelewa humo.

Septemba 1940, ndege za Wajerumani zilipoanza kuupiga mji, serikali haikutaka watu walale stesheni. Watu wakanunua tiketi za bei ndogo, wakashuka na mablanketi yao, wakagoma kupanda juu. Serikali ikasalimu amri. Jukwaani ikachorwa mistari miwili myeupe: mapema jioni, abiria wangali wengi, mlalaji asivuke ule ulio mbali na reli, usiku ukiingia aliruhusiwa kujinyoosha hadi ule wa karibu. Katika miaka hiyohiyo ya vita mchoraji Kenneth Bird, aliyesaini Fougasse, aliwachorea abiria vikatuni vya kuwahimiza wasogee jukwaani na watayarishe nauli. Alijua kwamba mtu akichekeshwa hukubali kusahihishwa.

Sigara haikuisha kwa kicheko. Ndani ya treni ilikatazwa mwaka 1984, na kwenye stesheni za chini mwaka uliofuata, baada ya moto wa stesheni ya Oxford Circus. Lakini wavutaji walikuwa na mazoea ya kuwasha wakiwa kwenye ngazi, wakipanda kutoka. Jioni ya tarehe 18 Novemba 1987 njiti ya kiberiti ilipenya kwenye ngazi za mbao za King's Cross, ikaangukia grisi na takataka zilizogandamana chini yake. Watu 31 walikufa.

Takataka hizo nazijua. Ni nywele, ngozi, nyuzi za nguo. Umeme ukishakatwa usiku tulikuwa tukizizoa relini kwa brashi, mifuko na mifuko. Asiyezishika haamini kwamba abiria akipita tu anaacha kiasi hicho.

Mwishoni mwa mwaka 2015 wakuu wa reli walijaribu kuifuta amri ya kusimama kulia pale stesheni ya Holborn. Ngazi zake zinapanda zaidi ya mita 23, wachache hujisumbua kuzipanda kwa miguu, kwa hiyo upande wa kushoto hukaa karibu mtupu huku watu wamesongamana chini. Kwa wiki tatu wahudumu waliwaomba abiria wasimame pande zote mbili, na mwaka 2016 wakarudia kwa miezi kadhaa. Ngazi zilibeba watu wengi zaidi kwa dakika, kama walivyotabiri. Abiria wakanuna. Walilalamika, wakabishana na wahudumu, wengine wakapenya kushoto kwa nguvu. Kwangu mimi hesabu ilikuwa wazi, lakini nani husikiliza hesabu saa mbili asubuhi akichelewa kazini? Jaribio lilipokwisha kushoto kukaachwa wazi kama zamani, na msongamano ukarudi chini ya ngazi.