Mikaratusi ya Gusii na Bei ya Maji

Zamani mabonde yenye vinamasi ya Nyamarambe, Gucha Kusini katika eneo la Gusii, yalikuwa ghala la jamii nzima. Nyasi za kuezekea zilikatwa humo, ng'ombe walilishwa humo kiangazi, na chemchemi hazikukauka. Hakuna aliyeuza huduma hizo, na kwa sababu hiyo hazikuwa na bei.

Kilichokuwa na bei ni mti. Mkaratusi, wenye asili ya Australia, uliletwa Kenya mwaka 1902 ili kupata kuni za garimoshi la Reli ya Uganda. Baadaye ukatafutwa kwa nguzo, mbao, na kuni za kukaushia majani ya chai.

Gusii ukapata makao. Mashamba yaligawanywa kutoka baba hadi wana, yakazidi kuwa madogo. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita ya mraba katika kaunti ya Kisii. Hata kinamasi kisichofaa mahindi kikachimbwa mfereji katikati, miche ikapangwa kila upande. Baada ya miaka michache mnunuzi anafika na msumeno, na ada ya shule inapatikana. Kisiki kinachipua tena bila kupandwa, nayo mizizi inaendelea kunywa maji ya kinamasi.

Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliamuru mikaratusi ing'olewe kwenye vyanzo vya maji na kingo za mito. Miti mingi ingali imesimama, kwa kuwa mkulima aliyeambiwa ang'oe alikuwa akiambiwa aachane na akiba yake.

Naivasha walishika njia nyingine. Mwaka 2010 wakulima wa nyanda za juu walianza kupewa vocha za pembejeo kwa kupanda ukanda wa nyasi na miti inayozuia mmomonyoko. Waliolipa ni watumiaji wa maji wa mkondo wa chini, wakiwemo wakuza maua wa ziwani.

Mto Gucha nao una watu wa mkondo wa chini. Mto huo huanzia vilima vya Nyamira, hupita Gusii, na Waluo huuita Kuja. Kule Gogo, Migori, umezungusha mitambo ya umeme wa megawati 2 tangu miaka ya 1950. Sheria ya Maji ya 2016 inatambua vyama vya watumiaji wa maji. Vyama hivyo ndivyo vinavyoweza kuwaketisha pamoja mwenye kinamasi wa Nyamarambe na mtumiaji wa Migori, wakubaliane malipo ya kurudisha matete mahali pa mikaratusi.