Jioni ya Rubona: Ziwa, Mpaka na Majirani wa Lugha Nyingi



Wapendwa wasomaji, safari hii tunatembea kwa miguu. Tunatoka Gisenyi mjini baada ya swala ya Alasiri na kushika barabara ya kando ya Ziwa Kivu kuelekea kusini mpaka Rubona, mwendo wa kilomita 6 au 7 hivi. Historia ya Waislamu wa Rwanda imepita njia hii, na vijana wetu wengi wanaikanyaga kila siku bila kuijua.

Waswahili walivyofika

Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alifika Kivu na msafara uliotokea Pangani, pwani ya Tanzania ya leo. Lugha ya msafara ilikuwa Kiswahili. Baadaye Wajerumani waliweka kituo cha askari Gisenyi, na pamoja na askari wakaja wafanyabiashara, makarani na mafundi, wengi wao Waislamu. Kwa hiyo Kiswahili na Uislamu viliingia Rwanda kwa mlango mmoja. Ndiyo sababu Wanyarwanda wakisema "Umuswahili" mara nyingi wana maana ya Mwislamu, hata kama babu yake ni mzaliwa wa Bugoyi hapa hapa.

Mwaka 1910 wakoloni walikubaliana mipaka yao huko Brussels. Goma ikawa ya Kongo, Gisenyi ikabaki upande wa Rwanda. Ardhi iligawanywa, lakini ndoa, undugu na soko havikugawanyika.

Wabelgiji walipoichukua nchi mwaka 1916, mambo yalikuwa magumu kwa wazee wetu. Waislamu walitengewa mitaa yao, iliyoitwa kambi za Waswahili, na kutoka humo kulihitaji ruhusa. Shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, hivyo watoto wengi wa Kiislamu waliikosa elimu ya serikali. Walibaki na madrasa, na kazi za mikono: udereva, ushonaji, biashara ndogo ndogo.

Rubona penyewe

Jua likianza kuinama tunafika Rubona. Hapa pana bandari, na pana kiwanda cha bia kilichoanza mwaka 1957. Kinywaji hicho si chetu, lakini historia ya mahali haisemwi nusu nusu. Kiwanda kilileta wafanyakazi kutoka pande nyingi, na tangu mwaka 1963 kilitumia gesi ya methani iliyovutwa kutoka chini ya ziwa.

Hatua chache mbele tunawakuta wavuvi wakitayarisha mitumbwi yao, mitatu mitatu iliyoungwa kwa miti mirefu. Giza likiingia huwasha taa na kwenda kuvua sambaza huku wakiimba kwa pamoja ili makasia yaende sawa. Samaki huyu mdogo hakuwa wa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, kwa sababu Kivu lilikuwa na samaki wachache. Leo mgeni huyo ndiye kitoweo cha kila nyumba, ya Mwislamu na ya Mkristo, huku na ng'ambo ya mpaka.

Kule Nyamyumba kwenye amashyuza, yaani chemchemi za maji ya moto, utasikia Kinyarwanda, Kiswahili cha Kongo na Kifaransa kwa wakati mmoja. Watu wanalowesha miguu pamoja na hakuna anayemuuliza mwenzake dini yake.

Siku ya mtihani

Tusisahau kwamba ujirani huu ulivunjwa. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, majirani waliwaua majirani. Mwezi wa Julai mwaka huo mamia ya maelfu ya watu walipita Gisenyi kukimbilia Goma. Waislamu wengi nchini walikataa kushika panga. Waliwaficha waliokuwa wakiwindwa, majumbani na misikitini, wawe Waislamu au la. Tuseme ukweli pia: wapo waliojiita Waislamu na wakashiriki. Lakini mwenendo wa wengi ulionekana, na jina "Umuswahili", lililokuwa la kudharauliwa, likapata heshima.

Mtihani haujaisha. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka mwaka 2002 na tena 2021, watu wa Goma walikimbilia Gisenyi. Januari 2025 vita vilipoingia Goma, makombora yaliua watu hata Rubavu.

Wazazi, tembeeni na watoto njia hii kabla ya Magharibi, muwasimulie. Waislamu nchini ni karibu asilimia 2 tu, na wazee wetu hawakuishi kwa wingi wao, waliishi kwa tabia zao. Kiswahili walichochekwa nacho, tangu mwaka 2017 ni lugha rasmi ya Rwanda. Mwenyezi Mungu ametuumba mataifa na makabila ili tujuane, na kujuana huanza kwa kumjua jirani kwa jina, na kumfungulia mlango siku anapobisha hodi usiku.

Wabillahi tawfiq.